Sauti ya Besi Baina ya Wimbo na Wimbo

Katika kila bendi yupo mtu mmoja ambaye wasikilizaji humtazama kidogo tu, lakini akinyamaza wote hutambua kwamba wimbo umepungukiwa. Mtu huyo ni mpiga gitaa la besi. Yeye huwapa wachezaji hatua, na waimbaji mahali pa kuegemea. Siku hizi bendi za dansi na kwaya nyingi za Afrika ya Mashariki zinalo gitaa hilo, na vijana wengi wanajifunza kulipiga. Leo twapenda kusema nao juu ya jambo moja ambalo mara nyingi huharibu kazi njema, yaani namna ya kubadili sauti ya besi wimbo mmoja unapokwisha na mwingine unapoanza.

Hapana shaka kwamba mabadiliko hayo yana haja yake. Rumba ya polepole yataka sauti ya mviringo na laini. Rege yataka sauti nzito isiyo na ukali. Sebene, ile sehemu ya kuchangamka ya muziki wa Kongo, yataka kila pigo lisikike wazi. Na huenda nyimbo hizo zote zikapigwa katika usiku mmoja. Ndiyo sababu kijana hununua pedali, yaani visanduku vidogo vilazwavyo sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, ambavyo hupokea sauti kutoka kwenye gitaa, huigeuza, kisha huipeleka kwenye amplifaya. Shida huanza hapo. Wimbo ukiisha, kijana huinama na kuzungusha vifundo, nao wachezaji wamesimama wakingoja. Au wimbo mpya huanza kwa kishindo, na besi ikameza maneno ya mwimbaji. Je, mtu aliyekuja kusikiliza maneno hayo amepata nini?

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Chombo cha kwanza cha kubadili sauti ni mkono. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown mjini Detroit miaka ya 1960, alitumia gitaa la Fender Precision, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1951. Alizichapa nyuzi kwa kidole kimoja, na aghalabu gitaa lake liliunganishwa moja kwa moja na mitambo ya kurekodia. Basi mwanafunzi na ajaribu hivi: achape nyuzi karibu na shingo ya gitaa, asikie sauti ilivyo laini, kisha achape karibu na daraja, asikie ilivyo kavu na imara. Aweke kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja, na sauti itakuwa fupi na nzito. Baada ya mkono ndipo ageukie vifundo vya gitaa lenyewe, hasa kile kipunguzacho ukali. Nyimbo nyingi zitakuwa zimekwisha kupata sauti yake hapo, kabla mguu haujagusa chochote.

Pili, yafaa ajue ni nini anachokigeuza. Gitaa la besi la nyuzi nne, likilinganishwa kwa kawaida, uzi wake mzito hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, unaofuata mara 55, wa tatu kama mara 73, na ule mwembamba mara 98. Lakini kila uzi hutoa pia sauti za juu zaidi pamoja na ile ya msingi, na hizo ndizo zinazolisaidia sikio kutambua ni noti gani iliyopigwa, hata pale ambapo spika ni ndogo na haiwezi kutoa uzito wote. Kijana apigaye peke yake nyumbani hupenda kupunguza sauti za kati, kwa kuwa uzito na ukali hupendeza vikibaki peke yao. Akiingia katika bendi, ngoma kubwa hufunika ule uzito, matoazi hufunika ule ukali, naye hasikiki. Hapo huongeza uzito zaidi. Na ajue kwamba kuongeza desibeli 3 tu ni kuitaka amplifaya nguvu maradufu, na desibeli 6 ni nguvu mara nne. Mara nyingi dawa ni kurudisha sauti za kati kidogo, wala si kuongeza kishindo.

Tatu, pedali chache zatosha. Ya kwanza kutoka kwenye gitaa iwe kipima nyuzi, kwa sababu hufanya kazi vema kikipokea sauti isiyogeuzwa. Vingi vya vipima hivyo hunyamazisha gitaa vikikanyagwa, hata nyuzi zikalinganishwa baina ya nyimbo pasipo kuwasumbua watu. Ya pili iwe kompresa, ambayo hushusha mipigo yenye nguvu mno ili ikaribiane na ile dhaifu. Hiyo huweza kuachwa usiku kucha, ikiwekwa kwa kiasi. Ya tatu iwe ya kutia mkwaruzo, kwa nyimbo zinazouhitaji. Ya mwisho iwe ikwalaiza, ya kuongeza au kupunguza sauti nzito, za kati na kali.

Juu ya mkwaruzo twatoa tahadhari. Pedali nyingi za namna hiyo hupunguza uzito wa besi, na wimbo ukakosa msingi palepale ulipotakiwa kupata nguvu. Katika wimbo wa Beatles uitwao Think for Yourself, uliotolewa mwaka 1965, besi yenye mkwaruzo ilirekodiwa pamoja na besi nyingine ya kawaida. Ukali ulipatikana na msingi haukupotea. Kwa hiyo anunuaye pedali ya mkwaruzo na atafute yenye kifundo cha kuchanganya sauti safi na ile iliyogeuzwa.

Nne, kazi ya kubadili sauti ifanywe siku ya mazoezi, wala si jukwaani. Kila pedali ijaribiwe kwa kuiwasha na kuizima katikati ya wimbo, bendi nzima ikipiga. Sauti ikipanda au kushuka ghafula pasipo kukusudiwa, kifundo cha kiasi kirekebishwe mpaka pande zote mbili zilingane. Mahali pa kila kifundo patiwe alama kwa kipande cha utepe. Kisha orodha ya nyimbo iandikwe, na kando ya kila wimbo maneno machache: mkono uwe wapi, pedali ipi iwashwe. Ikiwezekana, baina ya wimbo na wimbo ligeuzwe jambo moja tu. Nyimbo zinazotaka sauti moja ziweza pia kufuatana, ikiwa kiongozi wa bendi aona vema.

Umeme nao utazamwe. Pedali nyingi hutumia volti 9, lakini si zote, na upande wa chanya na hasi katika plagi hutofautiana. Anayechomeka bila kusoma maandishi aweza kuiunguza. Zile zitumiazo betri, nyingi huendelea kuila maadamu waya wa gitaa umechomekwa. Basi waya uchomolewe kazi ikiisha.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji sikio na utaratibu, na pia moyo wa kukumbuka kwamba besi ipo kwa ajili ya wimbo. Mpiga besi na aandike orodha yake kabla ya onyesho lijalo. Na likiisha, amwulize mwimbaji kama maneno yake yalisikika. Jibu hilo litamwonyesha kifundo cha kurekebisha.