Somo la Tano: Kusimika Antena ya Intaneti Nje ya Nyumba kwa Usalama

Watumiaji wengi wa intaneti, hasa waishio mahali ambapo nyaya za mtandao hazijafika, huunganishwa kwa redio ndogo yenye antena inayofungwa juu ya paa au kwenye mlingoti. Redio yenyewe hutumia umeme mdogo. Hatari iko katika mlingoti wa chuma unaoinuliwa karibu na nyaya za umeme, na katika waya unaoshuka kutoka juu hadi sebuleni, kwa kuwa radi huweza kuifuata njia hiyo hiyo. Somo hili linaeleza mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyasimamia, hata kama kazi inafanywa na fundi.

1. Umbali kutoka nyaya za umeme

Mlingoti usimikwe mahali ambapo, hata ukianguka, hautaufikia waya wa umeme. Tunashauri umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mlingoti pamoja na antena yake. Kwa mfano, mlingoti wa mita 6 uwe mita 12 au zaidi kutoka waya ulio karibu. Ukisimikwa juu ya paa, urefu uhesabiwe kuanzia ardhini. Waya unaoleta umeme nyumbani kutoka kwenye nguzo nao uhesabiwe. Watu huusahau kwa kuwa wameuzoea.

Mlingoti ukianza kuangukia nyaya, uachieni na mkimbie; msijaribu kuudaka. Ukishagusa waya, mtu yeyote asiukaribie wala kumshika aliyenaswa kabla umeme haujakatwa. Mti mbichi au kamba iliyolowa haimkingi mwokoaji.

2. Kazi ya juu ya paa

Kazi isifanyike wakati wa mvua, upepo mkali au wingu la radi, wala isifanywe na mtu mmoja peke yake. Ngazi ya alumini hupitisha umeme, hivyo isibebwe ikiwa imesimama karibu na nyaya. Fundi akanyage penye kenchi na papi, si katikati ya bati, na mlingoti ufungwe kwenye ukuta imara au mbao za kenchi. Redio izimwe kabla ya mtu kufanya kazi mbele ya antena.

3. Ethi na kinga ya radi

Mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba wenye unene usiopungua milimita za mraba 16, ushuke kwa njia fupi iliyonyooka. Nondo ya ethi ya mlingoti iunganishwe na ethi ya nyumba. Zikitenganishwa, radi inaweza kuruka kutoka moja hadi nyingine kupitia vifaa vyenu. Kifaa cha kukinga waya wa mtandao kifungwe pale waya unapoingia nyumbani, nacho kiunganishwe na ethi.

Kinga hizi hupunguza madhara, lakini hakuna inayoweza kuizuia radi inayopiga moja kwa moja. Katika Kanda ya Ziwa Victoria, ambako radi ni za mara kwa mara, chomoeni vifaa kabla mvua haijafika. Radi ikishaanza kupiga, msiguse nyaya hizo.

4. Kabla ya kulipa

Mtumiaji amwombe fundi amwonyeshe mambo haya:

- Waya uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, usioharibiwa na jua.
- Waya ulioachwa ukining'inia kidogo chini ya tundu la kuingilia, ili maji ya mvua yadondokee nje.
- Waya wa ethi uliokazwa pande zote mbili.
- Risiti yenye jina la fundi na orodha ya vifaa.

Ethi ndiyo sehemu ambayo huachwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu intaneti hufanya kazi vizuri bila hiyo. Kwa hiyo, kupatikana kwa mtandao si ushahidi kwamba kazi imekamilika. Kagueni kwanza, ndipo mlipe.