Mate Katika Kinanda cha Mdomo

Mwanakisomo mmoja alitaka kutupa kinanda chake cha mdomo. Tundu la 4 lilikuwa bubu, na harusi ya mdogo wake ilikuwa Jumamosi. Nilikichukua, nikageuza matundu yatazame chini, nikakipigapiga kiganjani. Matone yakatoka. Sauti ikarudi. Kumbe ni mate tu!

Kinanda cha kawaida kina matundu 10. Ndani mna vipande vyembamba vya shaba, 20 kwa jumla. Ukipuliza au ukivuta pumzi, vipande hivyo hutetemeka na kutoa sauti. Mate yakivishika, havitetemeki.

Kwa nini mate hujaa? Kitu kikiwa mdomoni, kinywa hudhani ni chakula. Anayejifunza hutoa mate mengi. Akizoea, hupungua. Basi usione haya.

Tena si mate peke yake. Pumzi yetu ina unyevu. Ikigusa chuma baridi hugeuka maji, kama mvuke kwenye mfuniko wa sufuria. Asubuhi ya baridi, kifumbate kwanza mikononi kipate joto.

Kabla ya kupiga, sukutua kinywa kwa maji. Usipige mara baada ya kula muwa au kunywa chai ya sukari, kwa maana sukari hunata ndani. Meza mate kila upatapo nafasi. Inua kichwa. Wengi huinama, na mate hutiririkia kwenye kinanda.

Ukimaliza, kikung'ute, kipanguse, kiache kikauke ndipo ukifunike. Kama sehemu yake ya ndani ni ya mti, usikioshe kwa maji, maana mti huvimba. Na rafiki akikiomba, mpigie wewe mwenyewe. Mate hubeba mafua.