SOMO LA WIKI: Dalali Akibisha Hodi, Deni Limeshapanda

Huko England na Wales, kupoteza kazi hakufuti kodi ya nyumba inayotozwa na halmashauri. Asiye na kazi anaweza kupata punguzo, lakini sharti aombe. Asipolipa, halmashauri huchukua amri mahakamani, kisha yaweza kumkabidhi dalali wa mahakama deni hilo.

Hapo ndipo gharama hupanda. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka ada tatu: pauni 75 dalali anapopokea deni, 235 anapofika nyumbani, na 110 mali inapopelekwa kuuzwa. Deni la pauni 600 likapangiwa awamu wakati wa barua huwa 675, mlangoni 910, mnadani 1,020. Ni ongezeko la asilimia 70.

Kwa hiyo barua ya dalali, inayotoa siku 7 kamili, isiwekwe kando. Mdaiwa aeleze kwamba hana kazi na ataje kiasi anachomudu. Halmashauri pia inaweza kuomba deni likatwe kidogo kidogo kwenye posho yake.

Dalali akifika, kwa deni hili haruhusiwi kuvunja mlango mara ya kwanza. Jiko, friji, vitanda na zana za kazi zisizozidi pauni 1,350 hazikamatwi. Lakini akikaribishwa na kuorodhesha mali, anaweza kurudi na kuingia kwa nguvu. Gari lililoegeshwa nje nalo hukamatwa.

Mlango uliofungwa hulinda mali, hauzuii ada. Kinachozuia ada ni kujibu barua mapema.