Namna ya Kuchagua Paka wa Nyumbani

Somo letu la leo ni dogo, lakini lahusu chakula chetu na usalama wa wadogo zetu. Hapa Malukhu, mjini Mbale, aghalabu gunia la mahindi huwekwa katika chumba kile kile tunacholala. Panya hufuata. Wengine hununua sumu, nayo sumu haichagui: kuku aweza kuidonoa, na mtoto atambaaye aweza kuiokota. Basi afadhali paka. Lakini paka yupi? Kabla ya kumchukua, jiulize maswali matatu.

Kwanza, nyumba yako ikoje? Katika chumba cha kupanga, jike au dume aliyehasiwa hufaa zaidi. Dume asiyehasiwa hutangatanga usiku, hupigana, na hunyunyiza mkojo ukutani, majirani hawatakushukuru. Mtu akaaye kando ya barabara ya magari sharti amfungie paka wake usiku, na amwekee sanduku la mchanga.

Pili, ni nani wamo nyumbani? Penye watoto wadogo, chukua paka aliyezoea kushikwa na watu tangu utotoni. Penye mama mjamzito, mtu mwingine azoe mavi ya paka kila siku, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Tatu, ni nani atakayemlisha? Paka ni mla nyama. Ugali peke yake haumtoshi. Mpe mukene kidogo na maji safi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Wako wasemao kwamba paka sharti ashinde na njaa ndipo awinde. Sivyo. Aliyeshiba huwinda pia, tena hakai jikoni kwa jirani akiiba. Na kumbuka, paka aweza kuishi miaka 15: wewe utamaliza shule, naye bado atataka chakula.

Sasa nenda ukawatazame watoto wa paka. Mtazame mama yao kwanza. Akiwa hodari wa panya, wanawe hujifunza kwake. Kwa hiyo usimtenge mtoto na mama yake kabla ya majuma 8. Macho yawe maangavu, pua isitoe kamasi, masikio yasiwe na uchafu mweusi, wala tumbo lisivimbe kwa minyoo. Kisha buruta kamba chini. Anayeifuata, akakubali kushikwa, huyo ndiye. Rangi si kitu: paka mweusi hana mkosi, na panya haulizi rangi.

Ukisha kumpata, mpeleke kwa daktari wa mifugo atimizapo miezi 3, achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa. Uliza pia habari ya kumhasi, kwa kuwa jike aweza kushika mimba kabla hajatimiza miezi 6. Na tangu siku hiyo, sumu ya panya iondoke nyumbani kabisa. Paka akila panya aliyekula sumu, naye aweza kufa.

Maswali
1. Kwa nini mtoto wa paka asitengwe na mama yake mapema?
2. Nyumba yenu yafaa paka wa namna gani? Toa sababu mbili.
3. Eleza kwa nini paka na sumu ya panya haviwezi kukaa nyumba moja.