Aliyetoka Usabato na Sherehe za Jando

Ndugu mmoja wa Ekerenyo, aliyelelewa katika Usabato (ulioingia Kenya kwa mlango wa Gendia mwaka 1906) kisha akasilimu, atuuliza: utotoni alikatazwa sherehe za jando za Kikisii, zifanywazo khasa Desemba. Sasa mpwawe atatahiriwa, na dada yake amemwita. Je, ana ruhusa?

Twasema: kukatazwa na dini aliyoiacha si hoja ya kuharimisha, wala kuiacha si hoja ya kuhalalisha. Tohara ya wavulana ni sunna, na kulisha majirani ni jambo jema. Lakini esimbore, wimbo wa kumsindikizia mwari nyumbani, una matusi ya wazi. Na pombe ni haramu, kama walivyomfundisha Wasabato wenyewe. (Tusiwacheke Wakisii: ngoma za harusi zetu hapa Mombasa zina maneno gani?) Ama kuwakata wasichana, sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yakataza jambo hilo, nasi hatuoni hoja ya kulitetea.

Basi na ahudhurie karamu, ampe mpwawe zawadi, na aondoke wimbo uanzapo. Dada yake akiudhika, arudi kesho yake ashinde naye.