Niliyojifunza Nikimtafutia Shangazi Pikapu

Shangazi yangu analima viazi Isyonje, juu kwenye milima ya Uporoto, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Kwa miaka tisa alikuwa akishusha viazi vyake Uyole kwa kirikuu, ile Suzuki Carry ambayo kwao Japani imeruhusiwa kubeba kilo 350. Yeye aliipakia magunia saba, na msimu ukichanganya, nane. Mwaka jana ilipokata ekseli kwa mara ya tatu, sisi watoto wa kaka zake tukaamua kuchanga ili tumuongezee akiba yake apate pikapu ya kweli. Kazi ya kuitafuta nikapewa mimi, kwa kuwa naishi Dar es Salaam zilikojaa yadi za magari, na nadhani pia kwa kuwa kwenye kikao ndiye niliyeongea sana.

1. Gari nililokuwa nikilitafuta lilikuwa langu

Nilianza na dabo kebini. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini. Kwenye grupu la ukoo binamu zangu walikuwa wakirusha picha za Ford Ranger zenye rimu nyeusi, mmoja akasema Isuzu D-Max ndiyo gari la wanaojua, mwingine akaapa kwamba nje ya Hilux hakuna pikapu. Tulibishana wiki nzima. Shangazi yumo kwenye grupu, lakini hakuandika neno.

Jumapili akanipigia. Baada ya shikamoo na habari za watoto akauliza, "Mwanangu, hivyo viti vya nyuma atakaa nani?"

Nikamwambia wajukuu, wageni, au mgonjwa akitokea.

"Ndiyo hapo. Nikiwa na viti vya nyuma, kila msiba nitaitwa mimi, kila harusi mimi, kila anayepelekwa Rufaa mimi. Viazi vitaozea shambani."

Sikuwa na jibu. Nikaenda yadi na futi kamba. Bodi ya nyuma ya Hilux dabo kebini ina urefu wa kama mita moja na nusu. Ya singo kebini inapita mita mbili na robo. Uzito zinaoruhusiwa kubeba haupishani sana, ni kama tani moja kwa zote mbili, lakini gunia la viazi linamaliza nafasi kabla halijamaliza uzito. Ukiwa na bodi fupi unapanga kwenda juu, au unafungua mlango wa nyuma magunia yaning'inie. Hapo uzito unaangukia nyuma ya ekseli, pua ya gari inanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, mahali ambapo ndipo unauhitaji.

Na hesabu ya tani moja kuwa magunia kumi ni ya gunia la kilo 100, lile linaloruhusiwa kisheria. Wanunuzi wengi wa viazi bado wanataka lumbesa. Magunia kumi ya lumbesa si tani moja, na shangazi analijua hilo kuliko Wakala wa Vipimo.

2. Uliza mzigo unapanda au unashuka

Hili ndilo lililonitoa jasho. Nilikuwa nimeshashikilia kwamba lazima injini iwe na tabo. Sababu ninayo: kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Isyonje iko juu ya mita 2,000. Nilimweleza shangazi kwa kirefu, kama mwalimu.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Viazi vinateremka, mwanangu. Mimi napanda mtupu."

Kweli. Kutoka Isyonje hadi Uyole ni mteremko. Anarudi na mifuko michache ya mbolea, sukari na mafuta ya taa. Miezi miwili nilikuwa nikitafuta nguvu ya kupandia kwa mtu anayehitaji nguvu ya kusimama.

Nikaanza upya, safari hii na macho kwenye breki. Fundi wangu wa Dar akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Chini ya Hilux, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu ndogo yenye mkono wa chuma. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikiwa tupu inapunguza breki za nyuma ili tairi zisiserereke, bodi ikilemewa na mzigo inaziongeza. Sasa, pikapu nyingi za mashambani huongezewa springi za nyuma ili zisikalie tairi. Springi zikiongezwa, gari linakaa juu hata likiwa na magunia kumi, na ile valvu inadhani halina kitu. Breki za mbele zinabaki kufanya kazi peke yake, zinachemka, na mteremko bado unaendelea. Katika pikapu sita nilizokagua baada ya hapo, nne zilikuwa zimeongezewa springi na hakuna hata moja iliyorekebishwa mkono wa valvu. Wauzaji walikuwa wakinionyesha zile springi kama sifa.

3. Sikiliza dalali, kisha fanya hesabu

Dalali mmoja alinipeleka kuona Hilux ya mwaka 2010. "Hii imetoka Japani moja kwa moja, bosi, imetembea elfu tisini tu."

Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni kule mpaka 2017. Hilux nyingi za kati ya miaka hiyo zinazoletwa kwetu zikiwa zimeshatumika hutoka Thailand, Uingereza au kwingineko, na si aibu kutoka huko. Aibu ni kusema uongo. Nikainama kwenye dashibodi: mita ilikuwa ikihesabu kwa maili. Maili elfu tisini ni kama kilomita 145,000. Nilipomwambia, dalali hakuona haya hata kidogo. Akasema, "Basi tunaweza kuongea bei."

4. Lala chini

Magari yaliyoishi Uingereza yametembea juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi kila majira ya baridi. Rangi ya juu inang'aa, chesisi inaliwa. Nenda na bisibisi, gonga na kuchokoa chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Niliharibu shati moja na kuokoa milioni thelathini na nane.

5. Fundi wa kumuuliza ni wake

Fundi wangu yuko Ilala na ana mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Fundi wa shangazi yuko Uyole, ana spana, jeki na masikio. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimuuliza yule wa Ilala.

Injini za Hilux za D-4D, kama 2KD ya lita 2.5, ni nzuri na zina tabo, lakini nozeli zake zinaendeshwa na umeme na mafuta yanapita kwa presha kubwa mno. Zinataka dizeli safi. Msimu wa mavuno shangazi hununua dizeli ya kwenye madumu, ambayo wakati mwingine ina maji na wakati mwingine ina historia. Nilipompigia fundi wa Uyole, hakunipa nasaha ndefu: "Mletee 5L. Hiyo hata gizani naifungua." 5L ni injini ya zamani ya lita tatu, haina tabo, ni ile ile iliyofungwa kwenye Hiace nyingi, kwa hiyo spea zake ziko kila mji. Inapiga kelele na haina haraka.

6. Mwenyewe akae

Pikapu ya kuvuta tairi zote nne iko juu, na shangazi ni mfupi na ana goti bovu. Alipokuja Dar kwenye kipaimara cha mwanangu nilimpitisha yadi tatu. Mbili hakuweza kupanda bila kusukumwa, na alikataa kusukumwa.

7. Kadi kwanza, mkono baadaye

Haraka haraka: namba ya chesisi kwenye kadi isomeke sawa na iliyogongwa kwenye chuma, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au aliyemtuma awepo, angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, hakiki stika ya bima. Tulimkatia bima kubwa. Yeye alitaka ndogo, na ndiyo hoja pekee niliyoshinda.

Mwishowe tulipata singo kebini nyeupe ya mwaka 2003, namba C, injini 5L, na hii kweli ilitoka Japani. Nikaiendesha mwenyewe hadi Mbeya. Kwenye mlima Kitonga malori yaliyobeba kontena yalinipita, na dereva mmoja akanipungia mkono wa pole. Nilifika Isyonje siku ya pili saa kumi jioni, mvua ikinyesha kama kawaida yao.

Shangazi alitoka na mwavuli, akaizunguka mara mbili. Akapiga teke tairi moja. Akafungua mlango wa bodi, akaufunga, akaufungua tena. Akachungulia ndani ya kebini, kisha akanigeukia.

"Turubai liko wapi?"

Nikawasha gari, nikageuza kuelekea Uyole kabla maduka hayajafungwa.