Umechanja Kideri, Mbona Kuku Wanakufa? Tuangalie Kinga Inavyofanya Kazi

Swali ninaloulizwa sana huku mitaani ni hili: "Afisa, nimechanja kideri, mbona kuku wanakufa?" Wengi wanasema chanjo ni feki. Kabla hujamlaumu muuza dawa, tujifunze kidogo.

Ukichanja, mwili wa kuku unaanza kutengeneza kingamwili. Hawa ni askari wanaomtambua kirusi wa kideri na kumzuia. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo ukisubiri kuku wa jirani waanze kufa ndiyo uchanje, kirusi anaweza kukuwahi.

Seli zinazotengeneza askari hao zinakomaa wapi? Kwenye kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja, kinaitwa bursa. Mwaka 1956 huko Marekani, Bruce Glick na wenzake walionyesha kuwa kuku walioondolewa bursa wakiwa wadogo walishindwa kutengeneza kingamwili vizuri.

Sasa hapo ndipo Gumboro inapotuumiza. Kirusi wake anashambulia bursa hiyo hiyo. Kifaranga anaweza kupona, akala, akakua vizuri tu, lakini ukimchanja kideri kinga haijengeki sawasawa. Unakuwa umechanja kuku asiye na kiwanda cha askari.

Jambo lingine ni kinga ya mama. Kifaranga huipata kupitia kiini cha yai na hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Ukichanja mapema mno, kinga hiyo inaiua chanjo. Ndiyo maana tunarudia.

Cha kufanya:

1. Fuata ratiba. Wengi hutumia kideri siku ya 7 na 21, Gumboro siku ya 14 na 28. Thibitisha na daktari wa mifugo wa eneo lako.
2. Chanjo ya maji isiwekwe kwenye maji yenye klorini, na iishe ndani ya saa 2.
3. Usichanje kuku wanaoumwa.
4. Rudia kideri kila baada ya miezi 3.
5. Antibayotiki haiui kirusi. Usipoteze hela ukidhani inatibu kideri.

Andika tarehe ya kila chanjo kwenye daftari la banda. Kuku wakifa, daftari hilo ndilo la kwanza nitakaloomba kuliona.